Unga unaokunywa maji: Mkulima apige hesabu kabla ya kufungua pochi

Kila mvua zinapochelewa, maduka ya pembejeo hupata bidhaa mpya ya kumpa mkulima matumaini. Moja ya bidhaa hizo ni unga mweupe, wakati mwingine wenye punje kama sukari, ambao muuzaji humwaga kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji mbele ya mteja. Baada ya dakika chache maji yote huwa yamegeuka kuwa rojo zito linalotikisika, kiasi kwamba glasi ikipinduliwa halimwagiki.

"Mzee wangu, weka hii shambani, ukame usahau," muuzaji humwambia mteja wake.

Kinachoonekana ndani ya glasi ni kweli na si mazingaombwe. Swali analotakiwa kujiuliza mkulima kabla ya kutoa fedha yake ni kama kilichotokea kwenye glasi kitatokea pia shambani, na kama kitatokea, je, kitarudisha gharama? Jibu linategemea zao, udongo na maji anayotumia, na kwa wakulima wengi wa mahindi jibu hilo si zuri kama glasi inavyoonyesha.

Somo lililo jikoni

Unga huo ni aina ya polima, yaani kitu kilichojengwa kwa minyororo mirefu ya chembe ndogo zilizoungana kama shanga kwenye uzi. Plastiki ni polima, mpira ni polima, na hata wanga wa mahindi na nyuzi za pamba ni polima zilizotengenezwa na mimea yenyewe.

Wanasayansi walianza zamani kujifunza kutoka kwa mimea namna ya kushika maji. Anayepika mlenda au bamia anaufahamu ute unaovutika wakati wa kupika. Ute huo ni minyororo ya sukari inayoshika maji yasikimbie. Katika vibanda vya faluda vya Mombasa na Zanzibar, mbegu za mrehani zikilowekwa huvimba na kuvaa koti la jeli kwa muda mfupi. Mbegu za chia hufanya vivyo hivyo. Kwa mmea, koti hilo si pambo. Husaidia mbegu kugandamana na udongo na kubaki na unyevu wakati inaanza kuota.

Polima zinazoitwa erevu ni zile zinazobadilika zenyewe pale mazingira yanapobadilika, bila mtu kuziwashia wala kuzizimia kitu. Zipo zinazovimba zikipata maji, zipo zinazosinyaa zikipata joto, na zipo zinazolainika zikifika nyuzijoto fulani. Mwaka 1978, mwanafizikia Toyoichi Tanaka wa chuo cha MIT nchini Marekani alionyesha kuwa jeli inaweza kuvimba au kunywea ghafla kutokana na badiliko dogo tu la mazingira yake. Tangu hapo fani hiyo imepanuka na kuingia katika dawa, ujenzi na kilimo.

Ulitokana na mahindi yaliyozidi

Unga unaokunywa maji una historia inayomhusu mkulima moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyopo Peoria, katika jimbo la Illinois, ilikuwa ikitafuta matumizi mapya ya wanga wa mahindi. Maabara hiyo ndiyo iliyosaidia kutengeneza penisilini kwa wingi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wakemia wanne, George Fanta, Ollidene Weaver, Edward Bagley na William Doane, waliunganisha wanga wa mahindi na polima ya viwandani. Walipata kitu kinachonywa maji safi mara mamia ya uzito wake. Walikipachika jina la utani la Super Slurper, na mwaka 1976 kikapata hataza.

Hata hivyo, waliokichangamkia mapema zaidi hawakuwa wakulima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vya Japani vilianza kuweka polima za jamii hiyo kwenye pedi za wanawake, na katika miaka ya 1980 zikaenea kwenye nepi za watoto. Wahandisi nao walizichukua. Leo zimo ndani ya nyaya za simu zinazofukiwa ardhini, ambapo waya ukitoboka unga huvimba na kuzuia maji yasisafiri ndani yake. Zimo pia katika baadhi ya zege, ambapo hutoa maji polepole ili zege likomae bila kupasuka.

Siri ya unga huu ni rahisi kueleweka. Minyororo yake imefungwa pamoja kama wavu wa kuvulia samaki, na kila mnyororo umebeba chaji za umeme zinazofanana. Maji yanapoingia, chaji hizo husukumana, wavu hutanuka na nafasi hujaa maji. Udongo unaozunguka unapokauka, mizizi huweza kuyavuta maji hayo na wavu husinyaa, ukisubiri mvua au umwagiliaji mwingine.

Hesabu ambayo glasi haionyeshi

Nchini India, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Pusa, New Delhi, imetengeneza haidrojeli yake inayotokana na nyuzi za mimea, inayojulikana kama Pusa Hydrogel. Imekusudiwa udongo wa joto, na taasisi hiyo inaeleza kuwa hunywa maji yasiyopungua mara 350 ya uzito wake. Kiwango kinachopendekezwa ni kilo moja hadi mbili kwa ekari.

Hapo ndipo mkulima anapaswa kuchukua kalamu. Kilo mbili zikinywa mara 350 zitabeba lita 700, sawa na madumu 35 ya lita 20. Kwa mtu anayebeba maji kichwani, hayo ni maji mengi. Lakini ekari moja ina mita za mraba 4,047, na mvua ya milimita moja tu ikinyesha juu yake huangusha lita zaidi ya 4,000. Maana yake ni kwamba unga wote uliowekwa kwenye ekari, ukishiba kabisa, umebeba maji yasiyofika hata robo ya milimita ya mvua.

Mahindi yanahitaji kati ya milimita 500 na 800 za maji tangu kupandwa hadi kukomaa. Siku ya jua kali, shamba lililostawi linaweza kupoteza milimita tano, ambazo ni lita 20,000 kwa ekari. Lita 700 ni sehemu ndogo sana ya mahitaji ya siku moja. Hata unga ukijaa na kutoa maji mara 20 katika msimu, jumla yake ni lita 14,000, sawa na milimita tatu na nusu.

Hii haina maana kwamba unga hauna kazi. Mbegu inayoota au mche uliohamishwa jana hauhitaji kunywesha ekari nzima. Unahitaji unyevu kidogo kando ya mzizi wake kwa siku chache za hatari. Unga uliowekwa karibu na mzizi unaweza kuusaidia mche kuvuka siku hizo. Uliotawanywa shamba zima kama mbolea ni fedha iliyozikwa.

Ikumbukwe pia kuwa polima haitengenezi maji. Hushika yale yaliyofika. Mvua isiponyesha na mkulima asipomwagilia, unga utabaki mkavu kama ulivyotoka kwenye mfuko.

Chumvi ndiye adui

Jambo la pili ambalo muuzaji hulisahau ni ubora wa maji. Katika maonyesho ya dukani hutumika maji ya kunywa, mara nyingi ya chupa. Shambani maji huwa na chumvichumvi, na mkulima mwenyewe huongeza nyingine anapoweka mbolea ya chumvichumvi.

Chumvi huzima ule msukumano wa chaji unaotanua wavu. Polima inayonywa mara 300 au 400 katika maji safi inaweza kushuka hadi kati ya mara 30 na 60 ikiwekwa kwenye maji yenye gramu tisa za chumvi kwa lita. Kalsiamu na magnesiamu, zinazopatikana katika maji magumu ya visima, huuminya wavu hata zaidi.

Kwa mkulima wa Dodoma au Singida, jambo hili ni la kuangaliwa kwa makini. Udongo wa kichanga katika maeneo hayo ndio hasa unaoweza kunufaika na haidrojeli, kwa kuwa maji hupita upesi na kupotea chini. Lakini visima vingi vya ukanda huo vina maji ya chumvi. Faida inayoletwa na mchanga inaweza kuondolewa na kisima.

Katika udongo mweusi wa mbuga hali ni tofauti. Udongo huo wa mfinyanzi hushika maji wenyewe, na tatizo lake mara nyingi ni kutuama. Kuongeza unga unaoshika maji hapo ni sawa na kumpelekea samaki ndoo ya maji.

Inakolipa na isikolipa

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kuwa polima hizi hulipa pale ambapo mmea mmoja mmoja una thamani kubwa na eneo la kuwekea ni dogo. Nchini Afrika Kusini, makampuni ya misitu hupanda miche ya mikaratusi pamoja na haidrojeli iliyokwishalowekwa, ili kupunguza miche inayokufa baada ya kupandwa. Bustani za maua, vitalu vya miche na mimea ya kwenye vyungu ni maeneo mengine.

Ichukuliwe kwa mfano mkulima anayepanda ekari moja ya maparachichi, miche 80. Akiweka gramu 20 katika kila shimo atahitaji kilo 1.6. Kama kilo moja inauzwa Sh30,000, gharama yake ni Sh48,000. Kwa maji ya kawaida ya umwagiliaji, unga ukinywa mara 100 tu, kila shimo litakuwa na akiba ya lita mbili.

Mkulima huyo humwagilia kila mche lita 10 kila baada ya siku nne, jumla madumu 40 kwa mzunguko. Kama dumu moja lililofikishwa shambani linagharimu Sh100, kila mzunguko ni Sh4,000. Katika kiangazi cha siku 120 atamwagilia mara 30 na kutumia Sh120,000. Kama unga utamwezesha kumwagilia kila baada ya siku sita badala ya nne, atamwagilia mara 20 na kutumia Sh80,000. Ameokoa Sh40,000, ambazo bado hazijafikia bei ya unga.

Kinachoweza kubadili hesabu hiyo ni miche iliyonusurika. Kama mche mmoja umenunuliwa kwa Sh4,000 na unga ukaokoa mitano ambayo ingekufa, hizo ni Sh20,000 nyingine, na sasa mkulima amevuka gharama kwa Sh12,000, bila kuhesabu msimu mzima anaoupoteza kwa kupanda upya. Lakini kama shamba lipo kando ya mto na miche yake haifi, unga hautamrudishia kitu.

Kwa mahindi hesabu ni ngumu zaidi. Kilo mbili kwa bei hiyohiyo ni Sh60,000 kwa ekari. Mahindi yakiuzwa Sh500 kwa kilo, mkulima anahitaji kuvuna kilo 120 za ziada, zaidi ya gunia la kilo 100, ili arudishe fedha ya unga tu. Kabla ya kuchukua hatua hiyo ajiulize kama fedha hiyohiyo ingeleta gunia zaidi ikitumika kununua mbegu bora, mbolea au kulipa vibarua wa kutengeneza matuta ya kukinga maji.

Bei zilizotumika hapa ni za mfano. Kila mkulima aweke bei za mahali pake, lakini njia ya kukokotoa ni hiyohiyo.

Asije akanunua dawa ya ugonjwa wa jirani

Kampuni ya Landec ya California iliwahi kutengeneza polima ya kufunika mbegu za mahindi inayolainika kama samli inapofikia joto fulani. Chini ya joto hilo haipitishi maji, hivyo mbegu hukaa salama kwenye udongo wa baridi, na udongo unapopata joto huanza kuota. Mkulima wa Marekani angeweza kupanda mapema, wakati baridi haijaisha, bila kuogopa mbegu kuoza.

Ni ubunifu mzuri, lakini mkulima wa Kilosa au Kitale hana tatizo la udongo wa baridi kama huo. Teknolojia nzuri kwa mwingine inaweza kuwa gharama tupu kwako kama tatizo inalotatua haliko shambani kwako. Kipimo hicho kitumike pia kwa unga unaokunywa maji.

Jaribio la siku moja na la msimu mmoja

Mkulima hahitaji maabara ili kuipima bidhaa. Achukue ndoo mbili ndogo. Moja aweke lita moja ya maji ya mvua, nyingine lita moja ya maji ya kisima chake yaliyochanganywa na mbolea kwa kiwango anachotumia. Katika kila ndoo aweke kijiko kimoja cha chai cha unga, kilichosawazishwa. Baada ya saa tatu achuje kila ndoo kwa kitambaa na kupima rojo lililobaki. Kama la kisima ni chini ya theluthi moja ya lile la maji ya mvua, ajue kwamba ahadi iliyoandikwa kwenye mfuko haitatimia shambani kwake.

Jaribio la pili ni la msimu. Badala ya kununua unga wa ekari nzima, anunue wa mimea 10. Katika mstari uleule apande mimea 10 yenye unga na mimea 10 isiyo na unga, kwa kupishana, na yote aimwagilie sawa. Aandike kwenye daftari siku ambayo majani ya kila mmoja yameanza kunyauka, mingapi imekufa na kilichovunwa. Kikundi cha wakulima kinaweza kugawana gharama ya jaribio hilo na kupata jibu moja la kijiji kizima.

Aidha, mkulima afananishe unga na njia anazozijua. Samadi iliyooza vizuri huweza kushika maji ya uzito wake au zaidi, hulisha udongo, na mara nyingi inapatikana zizini. Matandazo ya majani makavu huzuia jua lisinyonye unyevu. Hakuna anayeviweka kwenye glasi ili kumvutia mteja, lakini vinafanya kazi.

Mambo ya kuangalia kwenye mfuko

Kwanza, mkulima asome polima imetengenezwa kwa chumvi ipi. Zile za nepi hutumia sodiamu, ambayo si rafiki wa udongo wala mizizi. Za kilimo zinapaswa kuwa za potasiamu au zitokane na wanga au nyuzi za mimea. Kwa sababu hiyo, tabia ya kuchana nepi na kuweka unga wake kwenye bustani haifai.

Pili, aulize inachukua muda gani kuoza. Sehemu ya wanga huliwa na wadudu wadogo wa udongo, lakini sehemu ya kiwandani huvunjika taratibu sana. Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za mbolea za mwaka 2019, uliweka sharti la polima za kushika maji kuwa zinazooza. Bidhaa isiyokubalika huko isije ikapata soko huku kwa kuwa tu haikuulizwa.

Tatu, aulize kama imesajiliwa. Kwa Tanzania, mahali pa kuuliza ni Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Duka lisiloweza kuonyesha usajili wala jina la mtengenezaji lisipewe fedha.

Nne, asizidishe kipimo. Unga ukizidi huvimba, husukuma mche juu na kuinyima mizizi hewa. Ni vizuri ulowekwe kwanza ndipo uchanganywe na udongo wa chini ya shimo, usibaki juu unakopigwa na jua. Pia uwekwe mbali na watoto. Punje zikimezwa huvimba tumboni na zinaweza kuziba utumbo. Zikimwagika sakafuni na kupata maji huteleza kama sabuni.

Kwa wafanyabiashara wadogo wa pembejeo, funzo ni kuuza kwa kipimo cha kazi. Anayempimia mwenye kitalu gramu 200 za miche yake 10 na kumweleza ukweli kuhusu chumvi atamwona tena msimu ujao. Anayemuuzia mkulima wa mahindi kilo mbili kwa ahadi ya kuusahau ukame atauza mara moja tu.

Kuhusu mkulima mwenyewe, kazi ya kwanza haipo dukani. Ipo shambani, kwa kushika udongo mkononi, kuonja maji ya kisima na kuhesabu miche iliyokufa mwaka jana. Akishajua hayo matatu, atajua kama unga ule mweupe ni wa kwake au ni wa jirani.